Kichekesho cha skuli kwa shilingi laki nne, Pemba: pesa ziende wapi?

Kijiti_Chake

Assalaam alaykum jamani. Tuko vijana wanane hapa Chake Chake, tumeandika filamu fupi ya kichekesho, kurasa 22. Ni wanafunzi wanne wa kidato cha tatu ambao hakuna kundi linalowataka. Mmoja anatembea na bisibisi mfukoni, kila redio anaifungua, na haijapata kurudi kuwa redio. Wa pili ni binti aliyehamia kutoka Unguja, anazijua namba za daladala za kule kwa ghibu, 505 Uwanja wa Ndege, 502 Bububu, 116 Nungwi, na Pemba hazimsaidii kitu. Wa tatu ni mrefu mno na anaomba radhi kila akipita mlangoni. Wa nne hasemi, mazungumzo yake yote anayaandika kwa chaki kwenye kibao. Skuli ina siku ya michezo, hakuna timu inayowachukua, basi wao wanajitangaza kuwa wataleta mchezo wa ng'ombe, ule wa Pemba wa kumchezea ng'ombe kwa kitambaa, na ng'ombe mwenyewe ni wa maboksi.

Tunayo shilingi 400,000, simu mbili za Android, stendi moja ya kuazima na kompyuta yenye RAM ya GB 8. Tunataka ile ya kupitiliza makusudi: rangi kali, watu wanasema maneno makubwa kwa mambo madogo. Hatutaki mtu alie. Tutapiga picha likizo ya Disemba. Naomba kujua pesa ziende wapi, ng'ombe atengenezwe vipi, kupitiliza kusigeuke makelele, na vibali vikoje.

Maalim_Pazia

Waalaykum salaam kijana. Naanza na makelele, maana hilo likiharibika hata mkipata milioni nne hazitawafaa.

Kichekesho cha aina hii hufa pale mwigizaji anapojua kuwa anachekesha. Yule wa bisibisi asiifungue redio kwa uso wa mzaha. Aifungue kama daktari anayepasua moyo, atake kitambaa, atake kimya, na atoe skrubu moja aiweke juu ya daftari kwa heshima. Kinachokuzwa ni mambo yanayomzunguka: suruali iliyoishia juu ya kifundo, lugha, ukubwa wa tatizo. Mwalimu mkuu anatangaza kupotea kwa chaki tatu kwa lugha ya taarifa ya habari, na wanafunzi wanainamisha vichwa kweli kweli. Sura na sauti zibaki na dhati. Kwenye mazoezi mwambieni kila mmoja aseme maneno yake mara moja kwa namna ambayo angeyasema mamake akiwa hospitali, halafu mbakishe robo tatu ya uzito ule.

Kila sini kuzeni kitu kimoja tu. Nguo zikiwa za ajabu, maneno yawe ya kawaida. Maneno yakiwa ya hotuba, miili itulie. Na kila sini iwe na mtu mmoja timamu wa kuwatizama, japo muuza bajia, kwa sababu mtazamaji anacheka kupitia macho ya yule. Wote wanne wakiwa vichaa kwa pamoja hapana kipimo, ndiyo hayo makelele unayoyaogopa.

Sasa mswada. Kurasa 22 si dakika 22. Ukurasa mmoja kwa dakika moja ni hesabu ya mazungumzo ya kawaida, lakini mstari mmoja kama "ng'ombe anaingia uwanjani" unaweza kula dakika mbili nzima. Punguzeni hadi kurasa 16. Kurasa nne kwa siku ni kazi ya kutosha kwa watu wasiolipwa, hivyo siku nne za kupiga na mbili za akiba ya mvua. Disemba miaka mingine vuli huwa haijaisha, na Pemba hupata mvua kuliko Unguja.

Namba za daladala ni dhahabu, msizimwage. Zitokee mara tatu. Kwanza tunamjua binti kwa hizo. Mara ya pili anazitaja pahala pasipofaa, mfano mwalimu anauliza jibu la hesabu na yeye anajibu 502. Mara ya tatu ziwe na kazi: waliomo ndani ya ng'ombe hawaoni, na yeye ndiye anayewaongoza kwa kupiga kelele. 505 ni geuka kusini, 502 ni geuka kaskazini, 116 ni kimbia wala usisimame. Mtu wa Unguja atacheka kwa sababu njia ni za kweli, na wa Pemba atacheka kwa sababu mshika kitambaa wa ng'ombe haelewi hata moja.

La mwisho kwangu, kijana asiyesema. Kicheko kisiwe juu ya kutosema kwake. Kiwe juu ya wakubwa wanaolazimika kusubiri. Mwalimu anamfokea, yeye anaandika, anaandika, anafuta neno moja kusahihisha tahajia, anaandika tena, na kamera haikati. Kibao kikigeuzwa kimeandikwa "Ndiyo."

FundiSauti_Michenzani

Mgawanyo wangu wa laki nne: chakula 170,000, usafiri 60,000, maiki mbili za kubana kwenye nguo 60,000, sare na beji 50,000, kadi ya kumbukumbu 30,000, akiba 30,000. Chakula mpike wenyewe, wali na maharage, chai na maandazi asubuhi. Mkinunua sahani mkahawani pesa zinaisha siku ya pili. Kamera msinunue kitu. Picha mbovu kwenye kichekesho cha namna hii huonekana ni mtindo, ila sauti mbovu huonekana ni sauti mbovu.

Maiki za waya zinatosha. Chomeka kwenye simu ya pili iliyomo mfukoni mwa mwigizaji, irekodi peke yake, na mwanzo wa kila pigo, yaani kila mara mnaporekodi sini, mtu apige kofi moja mbele ya kamera ili baadaye mlinganishe sauti na picha. Kimo cha maiki ni shubiri moja chini ya kidevu. Kwa wasichana tatizo ni ushungi: kitambaa kinasugua maiki na unapata mkwaruzo kila akigeuza shingo. Chukua utepe wa hospitali, ukunje pembetatu gundi ikiwa nje, mbili, moja kila upande wa maiki, ibanwe kati ya ushungi na nguo ya ndani visisogeleane. Waya uache kitanzi kidogo chini yake, ukivutwa uvute kitanzi na si maiki.

Zima urekebishaji wa sauti wa simu. Ukiiachia ijipange, kwenye kimya itapandisha kelele za jogoo na kwenye mayowe itazishusha kwa kuchelewa. Tumia programu inayokuruhusu kuweka kiwango mwenyewe, mazungumzo yagonge karibu na desibeli -12 kwenye kipimo chake. Pigo la kupiga makelele lirekodiwe upya kwa kiwango cha chini zaidi, kwa sababu yowe lililopasuka halirekebishiki kwa dawa yoyote.

Darasa la saruji lina mwangwi. Ning'inizeni mablanketi matatu manne nyuma ya kamera na upande usioonekana, na darasa lijazeni madawati na watu hata kama hawamo kwenye fremu. Feni zizimwe. Na hapa watu hujisahau: kama feni inaonekana kwenye shoti pana, basi iwe imesimama kwenye shoti zote za sini ile. Huwezi kuizungusha kwenye pana na kuizima kwenye karibu.

Ratiba ipangwe kwa adhana. Disemba adhuhuri ni kama saa 6:20, alasiri kama saa 9:40, na misikiti haiadhini kwa sekunde moja, huyu anamaliza yule anaanza. Simamisheni kazi saa 6:15 mle, msali, mrudi saa 7:30. Jua la saa sita halifai nje hata hivyo, liko utosini na macho yanakuwa mashimo meusi.

Kila chumba kabla hamjaondoka rekodini sekunde 30 za kimya, watu wote wamesimama ndani. Mhariri atawashukuru.

BiCherehani

Haya, ng'ombe. Nimesubiri hili.

Msifanye ng'ombe mzuri. Ng'ombe mzuri ni ghali na hachekeshi. Fanyeni ng'ombe aliyetengenezwa kwa bidii na watoto wasiojua, kisha msimpambe zaidi. Miguu ionekane ni miguu ya watu, soksi nyeupe na viatu vyeusi vya skuli, viwili vikiwa vimefungwa kamba vizuri na viwili vimeachwa.

Kichwa. Katoni nene ya duka la vyombo vya umeme, urefu sentimita 50 hivi toka pua hadi kisogo. Kata, kunja, funga kwa solotepu. Gundi ya unga: kikombe kimoja cha unga wa ngano, maji vikombe vinne, ukoroge baridi kwanza usifanye madonge, halafu jikoni moto mdogo mpaka uwe uji unaong'aa. Tia kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu. Magazeti yachanwe kwa mkono, si mkasi, maana kingo zilizochanwa hushikana bila kuacha mistari. Tabaka nne, na kila tabaka ikauke kabla ya ijayo. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: watu wanapiga tabaka zote kwa siku moja, nje pakavu, ndani pamelowa, na siku ya tatu kichwa kinanuka na taya limelegea. Kwa unyevu wa Pemba hesabuni siku nzima kwa kila tabaka, kivulini penye upepo, maana jua kali linapinda katoni.

Pembe ni koni za karatasi ngumu zilizojazwa magazeti. Zishoneeni kwa waya wa kufungia unaopita ndani ya kichwa toka pembe moja hadi nyengine. Gundi peke yake itaachia mara ya kwanza ng'ombe akigonga mlingoti. Fanyeni pembe tatu, moja ya akiba. Kichwa kizima kisizidi kilo moja na nusu, shingo ya mtoto inachoka.

Mwili usiwe blanketi. Watu wawili ndani ya blanketi juani Disemba wanazimia. Chukueni shuka mbili za pamba, mshone juu, pande ziachwe wazi, madoa yapakwe rangi ya maji ya ukutani iliyochanganywa maji nusu kwa nusu, la sivyo kitambaa kinakuwa kigumu na kinapiga kelele kwenye maiki za Fundi. Ndani fungeni pete tatu za fito nyembamba za kushikilia umbo la mbavu. Shingoni kateni dirisha la kiganja kimoja, mshonee kipande cha chandarua cheusi, hapo wa mbele anaona kidogo na kupumua. Wa nyuma hushika mkanda kiunoni mwa wa mbele, asishike mabega, akishika mabega mgongo wa ng'ombe unakuwa nundu ya ngamia. Mkia ni kamba ya usumba iliyofumuliwa ncha.

Dakika kumi ndani, kisha watoke wanywe maji. Mtu awe na saa mkononi kwa kazi hiyo tu. Na yule mrefu lazima awe wa nyuma, makalio ya ng'ombe yawe juu kuliko kichwa. Mkimweka mbele mmepoteza mzaha wa bure.

Kijiti_Chake

Bi, Mungu akuzidishie. Maalim, hiyo ya 505 tumeichukua kama ilivyo. Tuna sini moja hatujaitaja: vita vya urojo kantini, watu wanarushiana. Mashati meupe yote. Yatasafika?

BiCherehani

Hayasafiki mwanangu. Manjano ya urojo yakishika shati jeupe halafu ukatia sabuni, doa linageuka jekundu, nawe unazidi kusugua. Likianikwa juani hufifia kidogo kidogo, lakini filamu haisubiri. Kwa hivyo: anayemwagikiwa awe na mashati mawili yanayofanana, na kilichomo bakulini kiwe uji mwepesi wa unga wa ngano na rangi ya chakula ya njano matone machache, ufuliwe kwa maji baridi mara tu mnapomaliza. Bajia na kachori ziwe za kweli, kamera inazijua. Pilipili na ndimu zisikaribie, zikiingia jichoni kazi ya siku imekwisha. Uji uwe vuguvugu, na sakafuni mwageni mchanga nje ya fremu, saruji iliyolowa uji inateleza vibaya.

Maalim_Pazia

Mimi vita vyenyewe ningeviondoa. Mtazamaji wa huku akiona chakula kinarushwa ovyo, nusu ya kicheko inageuka istighfari. Bakuli moja, limejaa hadi ukingoni, limebebwa na yule mrefu, kantini yote, polepole, anaomba radhi kwa kila mtu, anafika salama, analiweka mezani, anashusha pumzi. Kisha mwengine anavuta kiti. Bakuli moja linatosha, na mashati mawili tu ndiyo yatakayohitajika.

Mkasi_Wete

Nakubaliana na Maalim kwenye bakuli, ila kwenye "kamera haikati" naongeza sharti. Mzaha wa mwili upigwe kwa shoti moja pana, kichwa hadi miguu, stendi haisogei. Ukikata katikati ya kuanguka, mtazamaji anadhani umemficha kitu. Lakini pigeni pia shoti ya karibu ya yule mtu timamu anayetizama, sekunde 20 za uso tu, kila sini. Hiyo ndiyo itakayowaokoa mnapohitaji kufupisha. Kutumia kamera isiyotembea hakukupunguzii hadhi: filamu ya kichekesho ya Napoleon Dynamite ya Jared Hess, ya mwaka 2004, ilipigwa Preston, Idaho, Marekani, kwa bajeti ya dola 400,000 hivi, na sehemu kubwa kamera imetulia tuli mbele ya watu waliosimama wima wakitizamana. Aibu ya kijana asiyejua mikono aiweke wapi inataka nafasi tupu pembeni yake, na nafasi hiyo haiongezi gharama.

Simu zenu ziwekeni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda kamera inaofungua kwa kila fremu) 1/50 ya sekunde, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za mirija madarasani zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipiga kwa fremu 30 na shata inayojibadilisha utapata mistari inayotembea ukutani, na haiondoki. Programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikuruhusu, tumieni Open Camera au Blackmagic Camera, zote ni bure. Fungeni fokasi na mwangaza visijibadilishe kabla ya kila pigo, la sivyo ng'ombe mweupe akipita mbele darasa zima linaingia giza. Nje mchana shata 1/50 itaunguza picha, pandisheni, nje hakuna taa za kupepesa.

Simu pia hubadilisha kasi ya fremu kidogo kidogo bila kukwambia. Dakika tano ndani, midomo na sauti havikutani, watu wanamlaumu Fundi bure. Kabla ya kuhariri pitisheni faili zote kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, mchague kasi isiyobadilika, 25. Kwa 1080p hesabuni kama MB 150 kwa dakika. Filamu ya dakika 16 kwa mapigo sita sita ni kama GB 15, kadi ya GB 64 inatosha na kubaki. Nakala mbili kila usiku kabla ya kulala, moja kwenye kompyuta na moja kwenye kitu chengine kisicholala nyumba moja nayo. Programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure, kwa RAM ya GB 8 itakuwa nzito, tengenezeni nakala ndogo za 540p za kuhariria.

Kwenye mkato, baada ya mzaha acheni fremu 12 hadi 20 za kimya kabla ya jibu. Chini ya hapo neno linalofuata linafunikwa na kicheko, juu yake watu wanaanza kutafuta simu zao. Sauti ya kwato za ng'ombe ni vifuu viwili vya nazi kwenye sinia la mchanga.

FundiSauti_Michenzani

Na sauti za ndani ya ng'ombe hazitasikika, hilo lijueni mapema. Mara tu sini inapokwisha, wawili wale wakae chumbani, wajifunike shuka lile lile, wayaseme maneno yao tena mara tatu mbele ya maiki. Uchovu wa pumzi bado wanao, ndiyo maana usiahirishe hadi kesho.

Muziki: msichukue taarab ya mtu mukadhani hatajua. Hakimiliki Zanzibar ina ofisi yake, COSOZA, na Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003. Mtafuteni mpiga kinanda na mpiga dumbaki wa hapo hapo, wapige dakika sita mpya, mwandikishiane karatasi. Taarab nzito, ya mahaba, juu ya kichwa cha maboksi kinachoingia uwanjani taratibu, haihitaji mzaha mwengine.

Maalim_Pazia

Vibali, kwa ufupi. BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, ndio wanaohusika na kupiga filamu na kuionesha hapa Zanzibar. Pelekeni mswada kamili na muhtasari wa ukurasa mmoja, na muulize ada na muda pale pale kabla hamjapanga tarehe. Muhtasari useme wazi kuwa ni kichekesho, na kwamba ng'ombe ni wa maboksi, asije mtu akauliza daktari wa mifugo. Jengo la skuli linataka idhini ya mwalimu mkuu kwa maandishi, na akikwambieni mwende Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali, nendeni. Waigizaji walio chini ya miaka 18 kila mmoja awe na barua ya mzazi, tarehe na saa za kurudi nyumbani zimeandikwa, na awepo mtu mzima wa kike pale penye wasichana. Ukitaka sini ya binti na kijana kupendana, waazimane daftari tu. Likirudi lina kava jipya, skuli nzima imeshajua.

Beji ya skuli ya kweli isionekane popote, hata kwenye soksi. Tungeni jina, Bi atawashonea beji.

BiCherehani

Beji kumi na mbili, nyuzi rangi mbili, na niletewe jina kabla ya wiki ya mwisho, si usiku wa kuamkia. Na miwani ya yule wa redio toeni vioo, vinginevyo kila shoti utamuona mpiga picha ndani yake.

Mkasi_Wete

Kijiti, kama mnafikiria kuituma ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ikaoneshwe Ngome Kongwe, wekeni tafsiri ya Kiingereza chini ya picha tangu sasa, na namba za daladala msizitafsiri wala kuzieleza. Acheni 505 iwe 505.